Mkalimani na Patakatifu pa Wanyama

Mchungaji alipochechemea, Mkalimani naye alichechemea. Hilo ndilo jambo la kwanza watu wa kanisa letu wanalokumbuka juu yake, na hucheka kabla hawajalimaliza kulisimulia. Mchungaji Mmarekani aliteleza kwenye barafu akaumia goti, Jumapili akapanda mimbarini akiburuta mguu, na Mkalimani, mzima kabisa, akamfuata nyuma akiburuta mguu uleule. Mchungaji alipoinua mkono, wa Mkalimani ulikuwa umeshafika juu. Mchungaji alipotokwa na machozi, Mkalimani alitoa leso yake mwenyewe akajifuta. Nilimuuliza kwa nini anafanya hivyo.

"Mtu hasemi kwa mdomo tu," alinijibu. "Nikikuletea maneno bila goti, nimekuletea nusu ya mzigo."

Nilimjua kwa miaka kumi na minne, katika miji mitatu: Louisville, kisha Columbus, kisha Buffalo. Familia zetu hazikupanga kufuatana. Kazi ilipokwisha mahali fulani, mtu mmoja alimpigia mwingine simu, na baada ya miezi michache tulijikuta tena katika kanisa moja, Warundi tuliokulia kambini Tanzania pamoja na Wakongo wa Kivu. Na kila tulipofika, yeye alikuwa ameshasimama palepale pake: nusu hatua nyuma ya mhubiri, upande wa kushoto, kipaza sauti cha pili mkononi, pipi za kifua mfukoni. Pipi zile alizitafuna kama njugu. Alisema koo la mkalimani linafanya kazi mara mbili ya koo la mhubiri, kwa sababu mhubiri anasema anachotaka, na mkalimani anasema anachoweza.

Hakuna aliyemwita kwa jina. Hata mkewe alisema "Mkalimani ameamka?" anapoongea na watoto.

Mara ya kwanza kumwona nilikuwa na miaka kumi, Louisville, katika kikao cha wazazi shuleni. Mwalimu alikuwa na neno juu yangu. Alisema ninahangaika mno: siku ya mazoezi ya moto nilikuwa nimemuuliza mara tatu kama moto ni wa kweli, na baada ya kuambiwa si wa kweli nikauliza amejuaje. Hayo yote niliyaelewa, kwa sababu Kiingereza nilikuwa nimeshakipata. Mama hakuwa nacho. Mkalimani alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia mama, akasema:

"Mwalimu anasema mtoto wako ana akili inayotembea bila kupumzika. Mpe uji mzito."

Mwaka mzima nilikunywa uji mzito. Sijui kama nilitulia, lakini nilinenepa, na mama alimsifu yule mwalimu popote alipokwenda.

Ndivyo alivyokuwa. Hakudanganya, ila hakuweza kuliacha neno lifike kwa watu likiwa na njaa. Columbus alikuja mhubiri mgeni akaeleza jinsi alivyomwona Mungu akiwa anacheza gofu. Watu wetu wengi hawakuwahi kuuona mchezo huo. Mkalimani alifikiri kidogo, akasema: "Mtumishi anasema alikuwa na kazi ya kupiga jiwe dogo kwa fimbo, likapotea porini, na akalazimika kulitafuta mwenyewe, siku nzima, kwa mguu." Kina mama wakatikisa vichwa kwa huruma. Ibada ilipokwisha walimpelekea mhubiri sahani mbili za wali na maharage, na mmoja akamshika mkono akamwambia kwa Kiswahili, polepole ili aelewe, "Pole baba. Na wewe utapata kazi nyingine."

Buffalo alikuwa ndiye redio yetu. Theluji ikizidi na shule zikifungwa, alituma ujumbe wa sauti kwenye simu za wazazi wote: "Wapendwa, kesho theluji imeishinda serikali. Watoto walale." Ujumbe wa wilaya ya shule, wenye aya tano, ulisema hivyohivyo.

Pamoja na hayo, alikuwa mkali wa maneno kuliko mtu yeyote niliyemfahamu. Siku moja nilimwambia, "Mzee, nime-apply kazi." Akasimama katikati ya maegesho ya magari, upepo wa ziwani ukimpiga usoni.

"Umefanya nini?"

"Nimeomba kazi."

"Hapo sawa. Ukisema ulivyosema kwanza, kazi haitajua ni nani aliyeiomba."

Jambo nililolielewa mwisho ni ukimya wake. Kiwandani kwao Lackawanna, jirani na Buffalo, walikotengeneza madirisha, msimamizi aliamini kwamba Mkalimani hajui neno hata moja la Kiingereza. Miaka minne alimwelekeza kwa vidole. Nilipomuuliza, alicheka mpaka akakohoa. "Ni raha, msomi! Siku nzima wananionyesha vidole, hakuna anayeniita kumsemea mtu. Sikio linapumzika." Nyumbani nako mkewe alilalamika: "Tafsiri zake ziko kanisani. Hapa analeta 'hm' tu, na mimi nalazimika kujua ni 'hm' ya chai au ya kulala."

Kwa hiyo kiwandani alikuwa mikono, nyumbani alikuwa "hm", na ile nusu hatua nyuma ya mhubiri ndipo palipokuwa makao ya sauti yake. Nalisema hili mapema kwa sababu mwaka juzi walitaka kumwondoa pale, na mtu waliyetaka kumweka ni mimi.

Nilikuwa nimehitimu chuo wiki moja kabla. Mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mtu mwembamba asiyecheka na mwenye funguo nyingi kiunoni, aliniita pembeni baada ya ibada.

"Binti, kuna malalamiko. Watoto wetu wanasikia Kiingereza, halafu wanasikia Kiswahili, wanasema ni mahubiri mawili."

"Yapi ni mazuri?" niliuliza. Nikiogopa huwa nauliza swali baya.

Mwenyekiti aliliacha lipite. "Kiingereza chako ni cha shule. Chake ni cha barabarani. Hatutaki kumvunjia heshima bila sababu, tumempa nafasi. Lakini kosa moja kubwa tena, mbele ya watu, basi pale mbele utasimama wewe."

Nilirudi nyumbani nikalala na viatu. Kwanza nilifikiri juu ya heshima yake, kisha juu ya sauti yangu, ambayo kwenye kipaza sauti inafanana na ya mbuzi aliyefungiwa. Mwisho nikaona aibu, kwa sababu sehemu ndogo ya moyo wangu ilikuwa imefurahi.

Jumapili iliyofuata Mkalimani alilifanya lile kosa.

Inabidi nieleze jambo moja. Kanisa letu liko North Buffalo, katika ukumbi tunaopangishiwa na kanisa la Wamarekani. Wao husali asubuhi, sisi saa saba mchana, na mchungaji wao hutuhubiria Jumapili mbili kila mwezi. Mlangoni kuna karatasi ya Kiingereza inayosema usile wala usinywe ndani ya sanctuary. Wiki yetu ya kwanza pale, Mkalimani alitufasiria: "Sanctuary ni patakatifu." Alikuwa sahihi. Tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyethubutu kuingia na hata chingamu.

Sasa Jumapili ile alisimama wakati wa matangazo, macho yanamng'aa.

"Wapendwa! Kusini ya Lackawanna, kwenye njia ya shamba tunakonunua mbuzi, nimesoma kibao kwa macho yangu mawili. Juu kimeandikwa Wildlife Sanctuary. Patakatifu pa Wanyama! Chini yake kuna mshale: Magofu ya Hekalu. Miaka yote hii tuko hapa, hatukujua kwamba wenzetu wana mahali pa kuombea viumbe, karibu kabisa na hekalu la kale. Mungu hakuumba watu peke yao! Jumamosi baada ya hii ijayo kwaya itakwenda, na sare, na ngoma."

Ukumbi mzima ulisema amina. Mama Kwaya, kiongozi wetu wa nyimbo kutoka Uvira, alipiga kigelegele. Mwenyekiti alitikisa kichwa kukubali na kuandika.

Nilikuwa nimeketi karibu na mlango. Nilijua kwamba neno lile, likiwekwa mbele ya wanyama, halina habari ya ibada. Ni hifadhi. Ni mahali pa kutunzia wanyama tu. Kati ya watu wazima waliokuwa ukumbini, nadhani ni mimi peke yangu niliyejua.

Nilikuwa na wiki mbili za kumwambia. Nikimwambia, ataona ninaitaka nafasi yake. Nisipomwambia, ataanguka mbele ya watu, na nafasi yake nitaipata. Njia zote mbili zilionekana kama uchoyo. Niliandika ujumbe: "Shikamoo mzee, kuhusu kile kibao." Nikafuta. Niliandika tena bila "kuhusu". Nikafuta. Siku ya nne nilimpigia simu, alipopokea nikamuuliza hali ya mkewe. Siku ya tisa nilimwendea mama kwa mafumbo.

"Mama, ukimwona mtu amevaa shati ndani nje, na anakwenda harusini, utamwambia?"

"Harusi ya nani?"

"Ni mfano tu."

"Mwambie," alisema mama, "halafu uache kula kucha."

Sikumwambia.

Jumamosi ile ilikuwa ya Juni, jua la kupendeza, na tulikwenda na magari tisa. Kwaya ilivaa vitenge vya rangi ya chungwa na mashati meupe. Kulikuwa na chapati zilizofungwa taulo, mayai ya kuchemsha, sufuria mbili za wali, na ngoma ilikuwa imefungwa mkanda kiti cha mbele kama abiria. Mkalimani alivaa suti yake ya Pasaka. Njiani alitufundisha namna ya kuingia: kimya, wawili wawili, watoto katikati.

Langoni alitupokea mama wa Kimarekani mwenye umri mkubwa, nywele nyeupe zimesukwa mkia mmoja, darubini shingoni. Ni mmoja wa wale wanaojitolea kuwatunza wanyama. Alituangalia sisi watu arobaini wenye rangi ya chungwa, akatabasamu, akaweka kidole mdomoni. Alisema tafadhali tutulie, kwa sababu ndege wanaatamia.

Mkalimani aliweka kidole mdomoni vilevile. "Anasema tunyamaze," alinong'ona. "Wenzetu wameshaanza."

Tukanyamaza. Mzee mmoja wa Kirundi aliguswa mno, akainama akavua viatu. Yule mama akashtuka, akaanza kusema haraka huku akionyesha nyasi.

"Anasema vaa viatu," Mkalimani alitafsiri, akikunja uso. "Kuna kupe."

"Kupe?" Mama Kwaya aliuliza. "Mu patakatifu?"

"Hata kwetu kanisani wapo," alisema Mkalimani, na kina mama wakabana vicheko kwenye vitenge.

Tulitembea. Njia ilikuwa ya mbao, ikapita juu ya bwawa lenye majani mapana. Tuliona kasa watano wakiota jua kwenye gogo moja. Tulimwona kulungu mwenye miguu mitatu akila bila kutujali. Kila mtu alikuwa akitazama mbele, akitafuta msalaba, kengele, benchi, chochote. Nami nilikuwa nyuma kabisa, nikihesabu hatua na kusubiri.

Mwenyekiti ndiye aliyeuliza. Alisimama, funguo zikalia.

"Mkalimani. Mimbari iko wapi?"

"Nitamuuliza."

Akaenda kwa yule mama. Tuliwaona wakiongea. Tulimwona yule mama akicheka, kicheko kizuri kisicho na dharau, akimshika Mkalimani bega, kisha akaeleza kwa mikono miwili kwa muda mrefu. Tulimwona Mkalimani akisikiliza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona hafuati mikono ya mtu anayesema naye. Yake ilining'inia tu.

Alirudi. Watu arobaini walikuwa wanamsubiri aseme. Angeweza kusema lolote, hakuna ambaye angejua, ila mimi na watoto. Alinitazama. Sikuweza hata kukwepesha macho.

"Anasema hapa si kanisa," alisema Mkalimani, kwa sauti yake ya mimbarini. "Neno ni lilelile, lakini hapa lina kazi nyingine. Anasema mnyama akijeruhiwa, akawa hawezi tena kurudi alikotoka, analetwa hapa. Anatibiwa. Anapewa chakula na mahali pa kulala. Na mtu yeyote haruhusiwi kumfukuza." Akaitazama kwaya. "Kwa hiyo nilikosea. Nimewavalisha sare bure."

Kasa mmoja aliteleza akaanguka majini, pwa.

"Bon," alisema Mama Kwaya taratibu. "Ameumia, hawezi kurudia kwabo, banamupatia chakula, banamupatia nafasi ya kulala." Akapiga makofi mara moja. "Donc iko kambi!"

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile. Mzee wa viatu alikaa chini kwenye mbao. Mama yangu alimshikilia jirani yake. Ikawa hakuna tena kunyamaza, kila mtu ana swali, na Mkalimani akaitwa arudi kazini.

Wakati huo tulikuwa tumefika kwenye banda la bundi. Kwetu bundi ni ndege wa msiba, akilia juu ya paa watu hawalali, na kwaya nzima ilirudi nyuma hatua tatu. Bundi alikuwa na bawa moja. Alitutazama kama karani wa ofisini ambaye muda wake wa chakula umefika.

"Muulize, huyu alitoka wapi?"

"Aligongwa na gari, barabara ya kuingia Lackawanna."

"Ana muda gani hapa?"

"Miaka minane."

"Minane! Na hajapata nchi ya tatu ya kumpokea?"

"Sisi tulikaa kumi na saba," alisema mama. "Avumilie."

"Intavyuu alifanya ngapi?"

Mkalimani alimfikishia yule mama swali hilo kwa uaminifu wote, na yule mama, baada ya kuelezwa intavyuu ya mkimbizi ni nini, alijibu kwamba daktari wa wanyama alimwona mara tatu.

"Tatu tu! Huyu ana bahati."

"Na mgao?"

"Panya wawili kwa siku."

"Inazidi yale mahindi yetu ya njano ya kambini," alisema Mama Kwaya. "Lakini Papa Mkalimani, hawa bazungu bamemuchukua bundi, bila kujua iko bundi? Bahati mbaya yake habayioni?"

Mkalimani alimtazama ndege kwa makini. "Labda kwenye faili lake hawakuiandika," alisema.

Hata Mwenyekiti alicheka. Nilimwona. Alicheka kwa pua, akijificha nyuma ya mtu mnene.

Kutoka pale tulipanda kilima hadi kwenye magofu. Hekalu lilikuwa la kweli, hilo Mkalimani hakukosea. Kuta za mawe bila paa, nguzo nne, ngazi pana zilizoota magugu, na katikati, mahali pa kuketi watu, mti umesimama kama mwenyeji. Kibao kilieleza kwamba zamani watu fulani waliuacha mji wakaja kuishi pamoja huku na kumngojea Mungu, wakajenga kwa mikono yao, halafu paa likaungua na wao wakatawanyika. Mkalimani alisoma kibao chote akinishika kiwiko.

"Msomi, hili neno?"

"Walitawanyika."

"Na hili?"

"Inasemekana."

Hakuwahi kuniuliza neno kabla ya siku ile. Nilimjibu kwa sauti ya chini ili Mwenyekiti asisikie, naye akalipandisha kila neno kwa watu, na kwa nusu saa tulifanya kazi hivyo, mimi chini, yeye juu. Kisha tukala wali kwenye ngazi. Kisha ngoma ikafunguliwa mkanda, kwaya ikasimama kati ya zile nguzo na kuimba, na mawe yakawarudishia sauti kama yalikuwa yameikosa kwa muda mrefu. Wamarekani waliokuwa wakipita na mbwa wao walisimama. Yule mama wa darubini alipanda kilima akakaa nasi, akala chapati mbili.

Nilirudi nyumbani nikiamini kwamba Mkalimani amenusurika. Siku ya furaha kiasi kile, nani angeihesabu kuwa kosa?

Mwenyekiti aliihesabu. Alinipigia Jumanne. "Kicheko ni kicheko, binti. Lakini tulitoka na magari tisa kwenda ibada ambayo haipo. Wazee wameamua. Jumapili unasimama wewe."

Nilisimama. Mchungaji alihubiri juu ya subira, nami nilitafsiri kila sentensi jinsi ilivyo, nomino kwa nomino, bila kupunguza wala kuongeza. Mkalimani alikuwa ameketi safu ya tatu, kati ya kina mama wazee. Nilikuwa nimeogopa kumwona na huzuni. Nilichokiona ni midomo yake ikitembea.

Mwanzoni nilidhani anaomba. Kisha nikagundua kwamba midomo ilianza kila nilipomaliza mimi. Nilisema, "Mungu hutenda katika nyakati ambazo haziendani na matarajio yetu," ukumbi ukanitazama, na safu ya tatu vichwa vikamwinamia Mkalimani, akanong'ona, kisha safu nzima ikaitikia, "Mmm! Amina!" Mchungaji aligeuka kushoto, akashangaa amina inatoka wapi na kwa nini imechelewa. Kufikia mwisho wa mahubiri, safu ya pili ilikuwa imegeuza shingo na ya nne imeegemea mbele.

Nilimfuata nje.

"Mzee, ulikuwa unatafsiri?"

"Hapana. Wewe ulikuwa unatafsiri Kiingereza." Akanipa pipi ya kifua. "Mimi nilikuwa nakutafsiri wewe."

"Nilisema vibaya?"

"Ulisema sawasawa kabisa. Wazee wakauliza maana yake nini. Nikawaambia, Mungu hana saa ya ukutani."

Ilikwenda hivyo miezi minane. Mimi mbele, yeye safu ya tatu, na watu wakaanza kuwahi kanisani, jambo ambalo halikuwahi kutokea, ili wapate viti karibu naye. Mwenyekiti alijifanya haoni. Lakini kile kipaza sauti cha pili hakukishika tena, na ibada ilipokwisha, watu walipomzunguka mchungaji kwa ajili ya salamu, yeye alikuwa wa kwanza kwenda kwenye maegesho.

Kisha nilipata kazi ya ofisini Columbus nikahama. Baada ya mwaka nikasikia kwamba binti wa Mkalimani amewaita yeye na mkewe Louisville, na kwamba mkewe ametangulia kwa ndege pamoja na mizigo.

Yeye alikuja kwa basi. Ilikuwa mwezi wa pili mwaka huu, mchana, na basi la Buffalo lilimshusha Columbus angojee lingine. Nilimletea chai ya tangawizi na sambusa. Alikuwa amevaa makoti mawili, moja juu ya jingine, kwa sababu alisema begi linajaa lakini mtu hajai. Tuliongea habari za kiwanda, za magoti yake, za kijana aliyechukua nafasi yangu, ambaye kwa maelezo yake "anatafsiri kama mtu anayekimbizwa na mbwa". Nilicheka. Kisha nilimwambia. Sikuwa nimepanga, au labda nilikuwa nimepanga kwa miezi yote ile.

"Mzee, lile neno la kwenye kibao. Nilijua. Siku ile ile uliyotangaza, nilijua. Nilikuwa na wiki mbili za kukuambia, na sikukuambia."

Alimaliza sambusa. Alifuta vidole kimoja kimoja.

"Ungeniambia, tusingekwenda," alisema.

"Lakini—"

"Nani angetoa Jumamosi yake, apige sare pasi, apike chapati zote zile, kwenda kumtazama bundi? Mimi mwenyewe nisingekwenda. Bundi!"

"Lakini ungebaki pale mbele."

Alitazama watu waliokuwa wamepanga mstari kwenye mashine ya soda.

"Ndiyo," alisema. "Ningebaki."

"Iliuma?"

"Iliuma, msomi. Bado inauma Jumapili, kuanzia saa saba mpaka saa tisa."

Nilikuwa natafuta neno la kumwambia. Niliyapanga matatu na kuyakataa yote. Kabla sijapata la nne, spika ya kituo ilikoroma juu ya vichwa vyetu. Niliisikia vizuri: basi la kwenda Louisville limechelewa kwa dakika arobaini, tunaomba radhi kwa usumbufu. Watu waliguna. Karibu nasi alikuwa ameketi mama mmoja wa Kikongo na watoto wawili, vifurushi vimefungwa kwa kitenge, tiketi mkononi. Alitazama juu kwenye spika, akatutazama sisi, akasikia Kiswahili chetu.

"Papa," alimuuliza Mkalimani, "banasema nini?"

Mkalimani alisimama. Alinyoosha makoti yake yote mawili. Aliinua mkono wa kulia kuelekea spika, kama vile spika nayo ilikuwa imeinua wake.

"Wanasema ni basi la Louisville," alisema. "Wametuongezea dakika arobaini."

"Aah," yule mama alisema, akalegeza mabega. "Bamefanya muzuri." Akafungua kifurushi, akawapa watoto chakula, na Mkalimani akaketi, akanigeukia, akangoja niseme.